Reti Niliyowaficha Wenzangu

Kwa karibu miaka miwili niliwakata pesa watu wanne walioniamini, nao wakawa wananishukuru. Sikughushi sahihi ya mtu wala sikuvunja kasha. Nilibadilisha dola zao mjini, nikapewa reti moja, nikawaambia nyingine, na tofauti ikabaki mfukoni mwangu. Halafu Januari 2024 nikafanya baya zaidi: malipo yao yalipoingia niliyakalia, nikingoja dola ipande. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu mtaani bado najulikana kama yule jamaa anayejua kukwepa makato, na watu hunisimamisha stejini Kangemi wakitaka niwaambie siri.

Kazi yetu ilikuwa kunukuu sauti. Watafiti na wanahabari wa ng'ambo hurekodi mahojiano Kisumu, Goma au Dar es Salaam, kisha hutafuta mtu wa kuyaandika neno kwa neno na kuyatafsiri. Mteja wetu mkubwa alikuwa kampuni ndogo ya Marekani. Tulikuwa watano: mimi, dada mmoja wa Kawangware, mzee mmoja wa Uthiru aliyewahi kuwa karani wa benki, na vijana wawili wa Kinoo. Tulikodi chumba orofa ya tatu, Luthuli Avenue, juu ya maduka ya spika, na sidhani Nairobi ina mahali pabaya zaidi pa kusikiliza sauti. Muuzaji akijaribu besi, dirisha linatetemeka, na wewe umebanwa masikio na hedifoni unahangaika kumsikia mkulima wa Kivu anasema nini. Lakini kodi ilikuwa nafuu.

Mwanzoni kila mtu alilipwa peke yake kupitia mkoba wa mtandaoni. Chukua kazi ya dola 150. Mkoba ulikata asilimia 4.4 kwa kuwa pesa imevuka mpaka, na senti 30 juu yake. Zikabaki 143 na ushei. Makato hayo yameandikwa, umeyaona, umeyakasirikia. Kisha unahamisha pesa kwenda kwenye simu, na skrini inakutangazia kwamba kuhamisha ni bure. Reti itakayotumika iko chini kabisa, kwa maandishi madogo. Mikoba mingi ya aina hii hujiwekea reti yake yenyewe, asilimia tatu hadi nne chini ya ile ya soko, kwa hiyo zile dola 143 zinatua kwako zikiwa na thamani ya 138. Katikati ya 2022, dola ikiwa kwenye shilingi 118 hivi, hiyo ilikuwa hasara ya shilingi 1,400 kwa kazi moja, yaani asilimia nane. Benki ya Dunia, inayopima gharama za kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara, imekuwa ikipata kiwango hicho hicho cha karibu asilimia nane. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kukishusha chini ya tatu ifikapo 2030. Sisi hatukuwa na subira ya kungoja 2030.

Waya wa benki una tabia tofauti, na hapo ndipo nilipojipatia sifa zangu. SWIFT, mtandao wa benki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, haubebi pesa, unabeba ujumbe tu. Pesa yenyewe husogea katika vitabu vya benki zilizofunguliana akaunti, na benki ya Nairobi isiyokuwa na mlango New York lazima ipitie benki nyingine iliyo nao. Kila anayepitiwa anakata chake. Ila makato hayo ni ya mkupuo: dola 15, dola 20, dola 25, haijalishi umetuma 150 au 2,400. Kwa mtu mwenye dola 150 ni wazimu kutumia njia hiyo. Kwa watu watano wenye ankara moja ya dola 2,400, makato ya benki zote pamoja yalikuja kama asilimia mbili.

Niliwapigia hesabu hiyo nyuma ya risiti ya stima, wakaiona. Nikafungua akaunti ya dola katika benki moja ya Westlands, kwa jina langu, kwa sababu ndilo lililokuwa na karatasi zote. Mteja akafurahi kutuma mara moja badala ya mara tano. Hakuna aliyeuliza itakuwaje pesa za watu watano zikikaa chini ya jina la mmoja. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, maana kupokea na kugawa pesa za watu kutoka ng'ambo ni biashara yenye leseni Kenya tangu Benki Kuu ilipotoa kanuni zake mwaka 2013. Nilijiambia kanuni zile ni za makampuni.

Wakati huo nilipenda sana kusimulia habari ya Waestonia wawili walioishi London. Taavet Hinrikus alilipwa na Skype kwa yuro lakini alihitaji pauni za kuishi. Rafiki yake Kristo Käärmann alilipwa kwa pauni lakini alikuwa na mkopo wa nyumba wa kulipa kwao Estonia. Badala ya kila mmoja kupitia benki, mmoja akamwekea mwenzake yuro kule, na huyu akamwekea pauni huku, na hakuna hata senti iliyovuka bahari. Mwaka 2011 wakaigeuza kuwa kampuni, ambayo leo inaitwa Wise. Niliwasimulia wenzangu hayo nikijiona wa aina hiyo. Kuna sehemu moja nilikuwa naipitia haraka: wale wawili kila mwezi walitazama reti ya katikati ya soko, ile ambayo kila mtu anaweza kuiona, wakabadilishana kwa hiyo. Urafiki wao ulisimama juu ya namba ambayo hakuna aliyeishika peke yake.

Yetu niliishika mimi. Siku ya malipo nilitoa dola taslimu Westlands, nikazifunga kwenye bahasha ndani ya jaketi, nikapanda matatu hadi mjini na kutembea Kenyatta Avenue na Mama Ngina nikisoma mbao za maduka ya foreksi. Ukitaka kubadilisha dola katikati ya Nairobi lazima utembee. Duka na duka, hatua chache tu kati yao, na tofauti ya nusu shilingi. Noti za mia zilizo mpya zina reti yake. Noti za kumi na ishirini zina reti ya chini. Na zile za zamani zenye kichwa kidogo unaweza kurudishiwa kabisa. Kaunta niliyoizoea ilikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi bila kukutazama. Anazipitisha noti kwenye mashine, anatoa moja, anaikunja pembe, anaipigisha kidole isikike, anaiinua kwenye taa, anairudisha. Kisha anaandika namba kwenye kikokotozi na kukigeuza kwako chini ya kioo. Ukitikisa kichwa kukataa, anakirudisha, anaongeza senti ishirini, anakigeuza tena. Hapo hakuna siri. Namba iko mbele ya macho yenu wote wawili.

Mwezi wa kwanza kikokotozi kilionyesha 117. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha jengo, nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: reti ya leo 115. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimelipa nauli, nimepanga foleni benki, nimebeba pesa za watu katikati ya mji nikiwa na hofu kila pikipiki ikinipita karibu, na nikajiambia shilingi mbili kwa kila dola ni haki ya mbebaji. Ningeweza kuwaambia hivyo hivyo. "Jamani, nitakuwa nakata mbili kwa kazi hii." Wangekubali, hilo nina hakika nalo. Mzee wa Uthiru angependekeza tatu. Sikuwaambia kwa sababu nilitaka pesa na pia shukrani, na ukishaitaja bei ya kitu unacholipwa, shukrani inapungua.

Tena bado walipata zaidi kuliko zamani! Hiyo ndiyo hoja niliyolala nayo. Njia ya zamani iliwala asilimia nane. Benki na mimi pamoja tuliwala nne. Nani alikuwa na haki ya kulalamika? Ni hoja ile ile ya mkoba wa mtandaoni niliokuwa nautukana kila siku mbele yao, kwamba mteja ameokoa muda, amehudumiwa, ya reti aiulize ya nini. Nilikuwa na faili ya Excel yenye safu mbili, reti ya kweli na reti ya kikundi, na sikuwahi kuipa safu ya pili jina.

Mwaka 2023 ulinifanya nijione mchumi. Dola zilikuwa adimu. Reti iliyotangazwa ilisema kitu kimoja, na wafanyabiashara waliotaka dola benki waliuziwa kwa bei nyingine ya juu sana. Machi mwaka huo Rais William Ruto aliwaonya hadharani wanaoficha dola kwamba watakuja kupata hasara. Serikali ilikuwa imeingia mapatano ya kununua mafuta kwa mkopo kutoka kampuni za Saudia na za Emirati ili kupunguza njaa ya dola. Tulicheka chumbani Luthuli, maana baada ya onyo lile shilingi iliendelea kuporomoka: 130, 140, 150. Kila mwezi wenzangu walipokea shilingi nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na kila mwezi nilipandisha kidogo tofauti yangu, ikafika tatu kwa dola. Nani angeiona, wakati zote zinapanda?

Tukafika Januari 2024, dola ikavuka shilingi 160. Malipo yetu yaliingia tarehe 18. Siku iliyofuata kaunta ya Mama Ngina ingenipa 159. Sikwenda. Magazeti yalikuwa yakiuliza Kenya itapata wapi dola bilioni mbili za kulipa Yurobondi ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni, na nilishawishika kwamba kabla ya Pasaka dola itafika 170. Nikiuza kwa 170 na kuwapa kwa 159, hesabu yangu ilisema, ningepata kwa mkupuo mmoja zaidi ya nilichopata kwa miezi mitatu ya kukatakata.

Ilikuwa Januari. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na kila mzazi wa Nairobi anajua mwezi huo unavyokuwa. Dada wa Kawangware alinipigia jioni.

"Kaka, ile pesa imeingia?"

"Bado, dada. Imekwama New York."

Uongo huo ulikuwa rahisi kwa sababu ni kweli kwamba pesa hukwama New York. Niliwahi kuwaeleza mwenyewe jinsi benki ya katikati inavyoweza kuzuia waya ikitaka maelezo zaidi. Nilitumia elimu niliyowapa kuwafunga macho. Baada ya siku kadhaa mtoto wake wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akachukua mkopo wa simu kumrudisha. Aliniambia habari hiyo kama mtu anayemweleza ndugu yake shida, wala si kwa kunidai. Nikampa pole. Pesa yake ilikuwa katika akaunti yangu, hatua chache kutoka Sarit Centre, haijaguswa.

Yaliyofuata yako kwenye kumbukumbu za nchi. Februari Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia pesa hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla haijaiva. Wiki hizo hizo hatifungani ya miundombinu ya riba ya asilimia 18 na ushei, isiyotozwa kodi, ikavuta wawekezaji wa nje walioleta dola zao kuja kununua shilingi. Hofu ya Juni ikayeyuka. Kabla ya Februari kwisha dola ilikuwa chini ya 150, na Machi ikaisha ikiwa karibu na 131. Aliyekula hasara ni aliyeficha dola, sawasawa na alivyoambiwa mwaka mmoja kabla.

Nilikuwa nafungua tovuti ya Benki Kuu hata nikiwa kwenye matatu. Kwa 152 nilikataa kuuza, itarudi. Kwa 145 nilikataa kwa hasira. Malipo ya Februari yalipoingia niliwalipa hayo upesi, kwa reti ya siku hiyo, ili ionekane ya Januari peke yake ndiyo yenye matatizo. Mwishowe, Machi, niliuza kwa 133.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia orofa ya tatu, Luthuli. Dada alikuwa amechoka kungoja akamwandikia mteja mwenyewe, kwa adabu, akiuliza kama angeweza kumsaidia kuifuata pesa. Mteja akamtumia nakala ya ujumbe wa SWIFT, ile waliyoiita MT103. Kwake ilikuwa ukurasa wa herufi na namba tu. Kwa mzee wa Uthiru, aliyekuwa karani wa benki, ilikuwa kama barua ya nyumbani. Aliichapisha, akavaa miwani, akaweka kidole.

Mstari wa 33B: dola 2,400, kiasi kilichoagizwa. Mstari wa 71A: SHA, maana yake mtumaji na mpokeaji wanagawana makato. Mistari miwili ya 71F: dola 20, dola 18, hizo ni benki za njiani. Na mstari wa 32A, ambao huanza na tarehe, mwaka ukitangulia: 240118USD2362,00. Alizisoma zile tarakimu sita za mwanzo kwa sauti, mbili mbili, ishirini na nne, sifuri moja, kumi na nane. Kisha akavua miwani.

"Hii haikukwama mahali," alisema. "Na tangu 2017 benki zinaweza kuifuata pesa kila kituo inapopita. Mimi nilijua. Nilikuwa nakungoja useme."

Nilisema. Nikaanza na ya Januari, nikidhani nitaishia hapo, lakini mmoja wa vijana wa Kinoo akauliza kwa nini basi reti zetu zilikuwa chini siku zote kuliko alizosikia kwa binamu yake anayeuza nguo Eastleigh. Nikafungua Excel, nikaigeuza tarakilishi iwatazame. Chini muuzaji alikuwa anajaribu spika. Hakuna aliyepiga kelele ila yeye.

Hesabu yangu ya tofauti zote ilikuwa shilingi 87,000. Hasara ya Januari, kwa sehemu yao, ilikuwa karibu 49,000, maana walidai reti ya 159, ya siku ambayo ningepaswa kuuza, na sikuwa na mdomo wa kubisha. Mzee akaichukua faili nyumbani wikendi. Jumatatu alirudi na 96,400 badala ya 87,000: kulikuwa na miezi miwili sikuijaza, na kila hesabu nilikuwa nikiishusha hadi mia iliyo karibu, nikiamini kweli kabisa kwamba hizo ni chenji za kurahisisha mambo. Chini yake akaongeza mstari mwingine ambao mimi nisingeufikiria, shilingi 2,300, riba ya mkopo wa simu wa dada.

Akaunti ya pamoja ilikufa siku hiyo. Sasa mteja anamtumia kila mtu peke yake, kupitia kampuni yenye leseni inayopeleka shilingi moja kwa moja M-Pesa, ikitaja ada yake waziwazi na kutumia reti iliyo karibu sana na ya soko. Kwa dola 480 za mwezi, gharama yote haipishani sana na ile ya waya wangu wa pamoja, na haina mtu wa bahasha. Njia hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Mimi niliijua kabla yao, na niliacha kuitaja kwa sababu ingenifanya nisihitajike. Kwa hiyo wanaonisimamisha Kangemi huwauliza swali moja tu: ukitumiwa dola mia, shilingi ngapi zitafika mkononi mwako leo, na Benki Kuu leo inasema dola mia ni shilingi ngapi? Gawanya ujue. Anayekutangazia kwamba hatozi chochote, huyo ndiye wa kupigiwa hesabu mara mbili, hasa akiwa rafiki yako.

Nilimaliza kulipa Novemba. Vijana wa Kinoo walipokea kwa simu, bila meseji. Mzee alinipa risiti iliyoandikwa kwa mkono, na bado tunafanya kazi chumba kimoja. Dada wa Kawangware alihamia kufanyia kazi nyumbani, na zake alizitaka kwa dola, noti mpya za mia, kisha akapanda matatu ya 46 kwenda mjini kuzibadilisha mwenyewe.